Kuua vijidudu kwenye vifaa vya samaki: si sawa na kuosha

Samaki wa mapambo wakishaugua, wengi wetu hapa Kampala huosha tangi, tukalianika, tukaona kazi imekwisha. Hapo tumesafisha tu. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana. Kuua vijidudu ni kuangamiza bakteria, kuvu na vimelea ambavyo jicho halivioni, vilivyobaki kwenye kioo, mpira wa hewa na wavu.

Lakini la kwanza lazima litangulie. Niliwahi kuchovya wavu wa tangi la wagonjwa kwenye maji ya jiki, nikautumia tangi la pili. Hazikupita siku nyingi samaki wa huko nao wakatoka vidoa vyeupe. Nilipoushika wavu karibu na dirisha, pindo lake lote lilikuwa na utelezi wa kijani, mzito kama kamasi. Klorini ikikutana na utelezi kama huo nguvu yake huishia hapo hapo, kijidudu kilichojificha ndani kikabaki salama. Tangu hapo nasugua kwanza kwa brashi, hasa kwenye mishono, bila sabuni, kwa kuwa mabaki yake hudhuru matamvua.

Kisha ndoo: kikombe 1 cha jiki ya kawaida kwa vikombe 9 vya maji, vifaa vizame kabisa dakika 10 hadi 15. Changanya siku ile ile, maana jiki ikikaa juani hupoteza nguvu. Fanyia nje, vaa glovu, na tafadhali usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huunguza mapafu. Baadaye suuza sana, loweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, anika mpaka vikauke kabisa na harufu iishe. Kukauka kwenyewe ni silaha: kimelea cha vidoa vyeupe hakistahimili ukavu.

Kifua kikuu cha samaki ni kigumu zaidi. Bakteria wake huvumilia klorini kuliko wengine, kwa hiyo baada ya jiki napangusa kwa spiriti ya asilimia 70. Waragi, pombe kali ya hapa Uganda yenye kama asilimia 40, haitoshi. Ugonjwa huu huingia hata kwenye kidonda cha mkono wa mfugaji, basi glovu si mapambo.

Maji ya tangi la wagonjwa nayo yatie jiki kabla ya kuyamwaga. Mtaro wa Nakivubo huishia Ziwa Victoria, na huko kuna samaki wasio na kosa.

Sponji ya chujio itupe. Ukiiokoa kwa jiki utaua pia bakteria wema wanaogeuza amonia, sumu inayotolewa na samaki wenyewe, kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, kwa hiyo kwa vyovyote vile tangi linaanza upya. Rudisha samaki wawili watatu kwanza, upime amonia kila siku kwa wiki kadhaa.