Damu Kuganda Kwenye Ubongo: Je, Watafiti Walificha?

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, bado utasikia watu wakisema kwamba chanjo ya korona ya AstraZeneca iligandisha damu kwenye ubongo, na kwamba watafiti walijua tangu majaribio wakanyamaza. Nusu ya kwanza ina ukweli, maana iliwatokea watu wachache sana. Hiyo ya pili haisimami.

Piga hesabu. Tatizo lilimpata takribani mtu 1 kati ya 100,000 waliochanjwa. Ukichanja 20,000 kwenye majaribio, yaelekea hutamwona hata mmoja. Hakuna cha kuficha, hakijajitokeza. Mapema 2021, baada ya mamilioni kuchanjwa, ndipo madaktari wa Ulaya walipoona kioja: donge la damu kwenye mishipa inayotoa damu kichwani, ilhali chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimepungua. Aprili mwaka huohuo mtafiti Andreas Greinacher wa Greifswald, Ujerumani, na wenzake wakachapisha maelezo kwamba baada ya chanjo, kingamwili (askari wa kinga ya mwili) hushika protini ya chembe hizo na kuziamsha ovyo. Matibabu yakabadilika hapo hapo, na heparini, dawa iliyozoeleka ya donge, ikaepukwa. Wenye siri hawachapishi hivyo.

Jambo jingine husahaulika (nami hunikera): korona yenyewe hugandisha damu, hata ya ubongo, tena mara nyingi zaidi kuliko chanjo. Na Mei 2021 aina ya korona iitwayo Delta ilikuwa imeshafika Kisumu, kwa hiyo hatari hiyo ilikuwa mlangoni.