Maambukizi ya kiungo kwa mtoto wa farasi: maana yake na jinsi yanavyotibiwa

Mtoto wa farasi mwenye siku chache akianza kuchechemea, wengi husema amekanyagwa na mama yake. Daktari wa mifugo hatakiwi kuanzia hapo. Kwa mnyama aliye chini ya mwezi mmoja, mguu unaouma huchukuliwa kuwa na maambukizi mpaka uchunguzi uonyeshe vingine. Kuchunguza na kukuta hamna maambukizi ni hasara ya sindano moja tu. Kungoja kunaweza kumpotezea mnyama mguu.

Maambukizi ya kiungo, yaani mahali mifupa inapoungana, ni bakteria kuingia ndani ya mfuko wa kiungo na kuzaliana kwenye ute unaokilainisha. Farasi mkubwa huyapata kupitia jeraha. Kwa mtoto, bakteria huja na damu kutoka kwenye kitovu, utumbo au mapafu, wakatua kwenye utando wa kiungo na ncha za mifupa inayokua. Ndiyo maana viungo viwili au vitatu huweza kuvimba kwa mpigo, na ndiyo maana ukiona goti limejaa, papasa kitovu pia.

Mzizi wa tatizo mara nyingi ni kukosa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Farasi huzaliwa karibu bila kingamwili. Anahitaji lita 1 hadi 2 za dang'a nzuri katika saa 12 za kwanza, na ikifika saa 24 utumbo haupitishi kingamwili tena. Kingamwili kwenye damu wakati huo zikiwa chini ya miligramu 400 kwa desilita, hana kinga. Kinachotakiwa ni zaidi ya 800.

Kuthibitisha, daktari hunyoa manyoya, husafisha ngozi kwa uangalifu mkubwa, kisha huvuta ute. Ute wa kiungo chenye afya ni wa manjano hafifu, ni angavu, na tone lake huvutika kama uzi kati ya vidole. Ulioambukizwa una ukungu, umekuwa mwepesi kama maji, na huenda ukawa na vipande vya utando. Seli nyeupe zikizidi 30,000 kwa mikrolita, na protini ikipita gramu 4 kwa desilita, hakuna haja ya kubishana. Sehemu ya ute ipelekwe maabara kuotesha bakteria, kwa Uganda iwe Makerere au Entebbe, na ichukuliwe kabla ya antibayotiki.

Sindano za antibayotiki peke yake hazitoshi. Usaha hutoa vimeng'enya vinavyokula gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na mabonge yake huwaficha bakteria dawa isiwafikie. Kwa hiyo kiungo huoshwa, siku hiyohiyo. Mnyama akishalazwa usingizi, sindano mbili nene za geji 14 huchomwa pande mbili za kiungo. Maji safi ya dripu, Ringa lakteti, lita 1 hadi 3, huingizwa upande mmoja na kutoka upande wa pili. Kila baada ya muda mfupi ziba tundu la kutokea, kiungo kijae, kisha achia: bila hivyo maji hupita njia moja tu na pembe za kiungo hubaki na usaha. Mwishoni huwekwa ndani ya kiungo antibayotiki ya amikasini miligramu 250 hadi 500, nayo ihesabiwe ndani ya dozi ya siku. Ute ukibaki na ukungu, kazi hurudiwa baada ya saa 24 hadi 48. Sindano zikizibwa na mabonge, kiungo kifunguliwe kwa upasuaji.

Sambamba na hilo, penisilini yuniti 22,000 kwa kila kilo hutolewa kwenye mshipa kila saa 6, pamoja na amikasini miligramu 25 kwa kilo mara moja kwa siku. Amikasini huumiza figo za mnyama aliyekaukiwa maji, basi anyonye au apewe dripu kwanza. Tiba huenda wiki 3 hadi 4, na haikatwi mnyama anapoanza tu kutembea vizuri.

Uganda farasi ni wachache, na maduka ya dawa za mifugo yamezoea ng'ombe. Hapo ndipo hatari ilipo. Enrofloksasini, antibayotiki inayochomwa ndama, huharibu gegedu la mtoto wa farasi. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, hushusha uvimbe huku ikidhoofisha kinga na kuwaachia bakteria uwanja. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu, humfanya aonekane amepona, na huweza kumtoboa tumbo kwa vidonda. Wafugaji wa punda wa Karamoja na Kapchorwa wazingatie haya pia, kwa kuwa kitovu cha mwanapunda huoza vilevile: kichovye kwenye kloroheksidini ya asilimia 0.5 mara tu anapozaliwa, kisha mara kadhaa kwa siku mpaka kikauke.