Mikwaruzo kwenye bunduki mpya si ubovu

Mtu ananunua bunduki ya muundo wa AR-15, anafyatua magazini mbili tatu, kisha akiifungua kuisafisha anakuta rangi nyeusi imebanduka ndani. Moja kwa moja anaamini ameuziwa mali mbovu, au iliyokwishatumika. Sivyo.

Chuma kinachosuguana na chuma lazima kiache alama. Kipande kinachobeba boliti (chuma kinachoifunga chemba, mahali risasi inapokaa) hung'aa mapema sana pale kinapoteleza kwenda na kurudi. Ndani, upande wa kushoto, pini inayoizungusha boliti huchimba kialama kidogo. Nyuma ya tundu la kutolea maganda utaona michirizi ya rangi ya shaba: ni maganda yanayogonga nundu iliyowekwa hapo makusudi igongwe. Hata masizi kidogo mtutuni si ajabu, maana viwanda vingi huijaribu bunduki kwa risasi kabla ya kuiuza.

Cha kukushtua ni ufa kwenye meno ya boliti au mtutu uliovimba. Hapo acha kufyatua, ipeleke kwa fundi.

Wengine hukimbilia vifaa vya ziada, eti springi nzito ya kurudisha boliti itapunguza mikwaruzo. Springi isiyolingana hufanya bunduki ikwame, basi. Anza na mkanda mzuri wa kubebea, halafu darubini ukishajua unalenga umbali gani. Kitako usikiguse kabla ya kusoma sheria. Kuna nchi ambako kukibadili tu ni kosa. Na kabla ya ukaguzi wowote, toa magazini, vuta boliti, tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole uhakikishe hamna risasi.