Acheni kupaka simenti ndani ya jiko

Kila wiki linaletwa jiko la mkaa lenye uso wa kijivu. Mwenyewe aliona ufa kwenye chungu, yaani ule udongo wa ndani unaobeba makaa, akakoroga simenti kwa maji, akapaka kuanzia ukingoni hadi kwenye matundu, akaanika juani siku moja, akawasha. Likifika kwa fundi, simenti imekwisha kubanduka magamba magamba, nusu ya matundu imeziba, na ufa uko palepale. Halafu swali ni lile lile: simenti gani ni nzuri zaidi kwa kuziba jiko?

Hakuna. Sikilizeni kwa nini.

Simenti hushika kwa sababu imekunywa maji na kuyafunga ndani yake. Ukiitia moto, maji hayo yanaanza kutoka. Ikipata nyuzi 100 na kidogo tayari inapoteza, na ikifika kati ya 400 na 500 chokaa iliyomo inavunjika na kubaki chokaa hai. Makaa mekundu yanapita nyuzi 700 bila taabu, kwa hiyo simenti iliyopakwa mahali makaa yanapolala haina pa kukimbilia. Usiku jiko likipoa, chokaa hai ile inavuta unyevu wa hewa, inavimba, na kujibandua yenyewe. Tena simenti iliyokaukiwa maji husinyaa wakati chungu kinapotanuka kwa joto. Vitu viwili vilivyoshikana, kimoja kinakwenda huku na kingine kule: hata ungepaka vidole viwili vya unene, vitaachana.

Hapo huulizwa, mbona nyinyi mafundi mnatumia simenti? Tunaitumia nyuma ya chungu, kati yake na bati, tena ikiwa imechanganywa na vamikulaiti, zile chembe nyepesi zinazometameta ambazo wenye vitalu vya miche pia huzitumia. Tabaka hilo tunaliita kitanda. Huko moto hauifikii moja kwa moja, udongo mnene umeshakinga sehemu kubwa ya joto. Simenti ile ile, jiko lile lile, ila sentimita chache kando, na inadumu miaka.

Sasa kuhusu ufa wenyewe, maana hapa ndipo watu hutupa majiko mazima.

Jiko la udongo la Kenya, lile la kiuno chembamba lililoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand, lakini umbo likabadilishwa. Udongo uliwekwa nusu ya juu tu, ndani ya bati lililotanuka juu na kubana kiunoni. Tazameni umbo hilo vizuri. Chungu kimekaa kama kabari ndani ya faneli. Uzito wake, wa makaa na wa sufuria vinakisukuma chini, na kila kikishuka bati linakibana pande zote. Ufa uliosimama wima, kutoka ukingoni kwenda chini, hauwezi kufunguka maadamu kitanda cha nyuma kipo na bati halijaachia. Karibu kila chungu hupata ufa mmoja au miwili baada ya kuwashwa mara chache, kwa sababu upande wa ndani unapata moto kabla ya ule wa nje. Ufa wa aina hiyo unapumua: jiko likiwaka unabana, likipoa unaonekana tena. Uacheni.

Kinachoua jiko ni mlegeo. Shika ukingo wa chungu kwa vidole, jiko likiwa baridi na tupu, ukitikise. Kikicheza, kitanda kimekufa. Gonga bati kuzunguka kwa fundo la kidole: palipojaa pana sauti nzito, palipo na uwazi panalia kama debe. Kisha jaribu ufa kwa ukingo wa kadi ya benki. Kadi isipoingia, funga mjadala. Ikiingia na chungu hakichezi, ziba kwa udongo, nitaeleza. Ikiingia na chungu kinacheza, anza na kitanda, kwa sababu mara nyingi ukishakibana chungu upya ule ufa unajifunga wenyewe na huna tena cha kuziba.

Kitanda hutengenezwa hivi. Kama chungu kimeshika pande tatu na kulegea upande mmoja, usikitoe. Kwangua palipolegea tu na ujaze kutoka juu kwa kisu cha bapa. Kikiwa kimelegea chote, kisukume juu kwa kipande cha mti kupitia mlango wa majivu, usikivute kwa ukingo. Kwangua mabaki kwa tindo, safisha kutu kwa brashi ya waya. Tumbukiza chungu kwenye maji mpaka kiache kutoa mapovu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Udongo uliochomwa na ukiwa mkavu unanyonya maji ya simenti kabla haijashika, na baada ya wiki unakuta unga nyuma ya chungu.

Mchanganyiko wangu ni vipimo 4 vya vamikulaiti kwa 1 cha simenti, kwa ujazo, sio kwa uzito. Changanya makavu kwanza, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo. Ukifinya konzi moja ishikamane na kutoa tone au mawili, basi. Usikandekande kama chapati, utazivunja chembe na hewa iliyomo, ambayo ndiyo inayozuia joto, itapotea. Ukikosa vamikulaiti tumia majivu yaliyochekechwa, vipimo 3 kwa 1. Yanashika, ila ni mazito zaidi na bati litakuwa la moto zaidi kwa nje.

Pakaza bati unene wa kama sentimita moja, kalisha chungu, kizungushe robo mzunguko huku ukikandamiza, hakikisha kimelala sawa. Juu, malizia pale udongo unapoishia, usiupandie ukingo. Funika kwa gunia bichi, mwagia asubuhi na jioni kwa siku 3. Simenti inakomazwa na maji. Anayeiweka juani ili ikauke haraka anaiua ikiwa changa. Baada ya hapo, kivulini siku 4 bila kufunika.

Kuziba ufa kwa udongo ni kazi ya subira. Saga vigae vya chungu kilichovunjika, chekecha kwa wavu wa dirishani, changanya vipimo 2 vya chenga hizo na 1 cha udongo wa mfinyanzi. Udongo mtupu husinyaa ukikauka na kuacha ufa mpya kandokando ya ule wa zamani. Chenga hazisinyai, ndiyo maana ni nyingi. Panua mdomo wa ufa kidogo kwa ncha ya msumari, toa masizi yote, lowesha, sindilia kwa kidole hadi ndani, kauza kivulini siku 3 au 4.

Na hapa niseme wazi: kiraka hiki hakiwi kigae kamili. Udongo hugeuka kigae ukipita takriban nyuzi 600 na kukaa hapo. Sehemu inayotazama makaa hufika, lakini iliyo ndani ya ufa inaweza kubaki udongo mbichi mkavu, na ukimwaga maji unarudi kuwa tope. Kuna viraka vinavyodumu mwaka na vingine mwezi, kwa mchanganyiko mmoja na mkono mmoja. Wanaotia chumvi kwenye maji ya kukandia huapa kwamba inasaidia. Nimejaribu, na sijaona tofauti ninayoweza kuitetea.

Ufa uliolala, unaozunguka chungu kwa usawa wa matundu, ni habari nyingine. Kabari haiusaidii. Sakafu ya matundu ikishakatika, badilisha chungu. Wengine hulaza nondo chini na kuzijengea kwa simenti: chuma kinatanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya udongo, kwa hiyo nondo iliyobanwa inasukuma na kupasua kilichobaki. Ukilazimika, ziache ncha zake huru, ziteleze. Na msipanue matundu kwa msumari yanapoziba. Kuta kati ya tundu na tundu ndizo za kwanza kukatika. Toa majivu kwa kijiti.

Sababu kubwa ya sakafu hiyo kukatika, mbali na maji yanayomwagwa kwenye jiko la moto, ni mafiga. Vile vyuma vitatu vinatakiwa kubeba sufuria na kupeleka uzito kwenye bati. Vikilegea ribiti au kupinda, sufuria inakaa juu ya udongo, na mtu akisonga ugali kwa nguvu zake zote, chungu ndicho kinachosongwa. Vinyanyue na ukaze ribiti, ili chini ya sufuria na ukingo wa udongo pabaki uwazi wa kidole kimoja. Pakiwa padogo zaidi moto unakosa pumzi na hewa yenye sumu ya mkaa inaongezeka. Pakiwa pakubwa unapasha upepo moto. Ukivibadilisha, usitumie bati la paa la mabati: zinki yake huyeyuka karibu na nyuzi 420 na moshi wake haufai kuvutwa.

Bati la nje likitoboka kiunoni hakuna udongo utakaoliokoa. La pipa la mafuta, karibu milimita 1, hulipa gharama yake. Pwani, ambako chumvi ya hewani inaharakisha kutu, usiruhusu majivu yalale ndani usiku. Yanavuta unyevu na kuushikiza kwenye chuma.

Moto wa kwanza baada ya matengenezo uwe konzi moja ya makaa, nusu saa, nje ya nyumba, kisha liache lipoe lenyewe. Kesho yake ongeza mara mbili. Siku ya tatu pika. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, maji yaliyobaki nyuma ya chungu yanageuka mvuke, na utasikia mlio. Na makaa yakizidi, yatoe kwa koleo uyafunike kwenye debe. Usimwage maji ndani ya jiko.