ELIMU KWA UMMA: Prosesa ya simu yako na programu inazoweza kuendesha

Malalamiko kwamba programu ya benki, ya malipo au ya mawasiliano "imegoma" baada ya kusasishwa yamekuwa mengi kiasi cha kulazimu maelezo haya. Wengi wanaoyaleta huja na jibu tayari: simu ina virusi, mtandao uko chini, au kampuni imewafungia makusudi ili wanunue simu mpya. Mara chache moja ya hayo huwa kweli. Mara nyingi zaidi tunachokuta ni kwamba programu ilijengwa kwa aina moja ya prosesa au kwa toleo fulani la Android, na simu iliyoletwa mezani haimo katika hesabu hiyo.

Kila prosesa, yaani chipu inayotekeleza kazi za simu, ina seti yake ya maagizo inayoyaelewa. Simu karibu zote zilizoko sokoni leo zinatumia usanifu wa ARM, ama wa biti 32, unaoandikwa armeabi-v7a, ama wa biti 64, unaoandikwa arm64-v8a; namba ya biti inaonyesha ukubwa wa data ambayo prosesa hushughulikia kwa mara moja. Zimewahi kuwapo nyingine. Mwaka 2013 Safaricom na Intel walileta Kenya simu ya Yolo iliyotumia prosesa ya Intel Atom, usanifu wa x86 kama wa kompyuta za mezani, na programu zilizoandaliwa kwa ARM peke yake zililazimika kutafsiriwa hapo hapo simu ikiwa inafanya kazi. Intel iliachana na prosesa za simu mwaka 2016, kwa hiyo mwananchi wa kawaida abaki na swali moja tu: yangu ni biti 32 au 64?

Si kila programu inajali jambo hilo. Programu iliyoandikwa kwa Java au Kotlin tupu hutafsiriwa na Android yenyewe ndani ya simu, na inakwenda popote. Shida ni zile zenye maktaba, yaani vipande vya programu vya kutumiwa tena, zilizokwisha kutafsiriwa kiwandani kwa lugha ya prosesa: michezo, vihariri vya video, na programu za benki zenye kusoma uso au kulinda siri za mteja. Ukilifungua faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, kama unavyofungua faili la zip, utakuta folda iitwayo lib, na ndani yake folda zenye majina hayo ya usanifu. Kama ndani ya lib kuna arm64-v8a peke yake, simu ya biti 32 haitaipokea programu hiyo, hata ukifuta picha zote na kuacha nafasi ya GB 20.

Na hapa ndipo wauzaji wanapowachanganya watu, wengine kwa kutojua. Prosesa ya biti 64 haimaanishi simu ya biti 64. Simu nyingi za bei nafuu zenye RAM ya GB 1 au 2 zina prosesa ya biti 64, kwa mfano yenye kori (vitengo vya kazi ndani ya chipu) za Cortex-A53, lakini mtengenezaji amezipakia Android ya biti 32. Anafanya hivyo kwa hesabu. Kwenye biti 64 kila anwani ya kumbukumbu inachukua baiti 8 badala ya 4, na simu yenye RAM ndogo ingeelemewa mapema. Kwa hiyo tangazo la dukani linaweza kusema kweli kuhusu chipu, na programu bado ikakataa. Kinachoamua ni mfumo uliopakiwa. Fundi hawezi kuugeuza kwa kusasisha, kwa sababu mtengenezaji hakutoa mfumo wa biti 64 wa simu hiyo.

Kuhusu ile "RAM ya ziada" inayowashwa kwenye mipangilio, jibu ni fupi: hiyo ni sehemu ya hifadhi inayoazimwa kusaidia kumbukumbu. Haibadilishi prosesa, haibadilishi mfumo, na haijawahi kuifanya programu iliyokataa ikubali. Tunaomba swali hili lisiletwe tena dawatini.

Sharti la biti 64 halikuanza jana. iPhone 5s ya mwaka 2013 ndiyo simu ya kwanza kuwa na prosesa ya biti 64, na Android ikafuata na toleo la 5.0 mwaka 2014. Septemba 2017 Apple ilifunga kabisa mlango wa biti 32 kwa iOS 11. Ndiyo maana iPhone 5 na 5c ziliishia iOS 10. Google ilikwenda taratibu zaidi. Kuanzia Agosti 2019 iliwataka watengenezaji wa programu wenye maktaba za biti 32 wapeleke Play Store na za biti 64 pia, na kuanzia Agosti 2021 ikaacha kuzipa simu za biti 64 programu zisizo na toleo hilo. Tafadhali isomwe vizuri: Google haikupiga marufuku biti 32. Ila mtengenezaji akishalazimika kutunza matoleo mawili, siku moja hupiga hesabu na kuliacha la zamani. Huo ni uamuzi wake, na hakuna mamlaka inayomlazimisha aendelee nalo.

Upande wa pili unasahaulika. Simu mpya nayo hukataa programu ya zamani. Pixel 7 ya mwaka 2022 ilitoka ikipokea biti 64 tu, na prosesa kadhaa za bei ya juu zilizofuata haziwezi kabisa kuendesha maagizo ya biti 32. Tena Android 14 inakataa kusakinisha programu iliyolenga Android ya chini ya toleo la 6.0, na Android 15 imepandisha kiwango hadi 7.0. Sababu ni ya usalama, kwani programu hasidi zilikuwa zinajitangaza kuwa za zamani ili zikwepe utaratibu wa kuomba ruhusa uliokuja na Android 6. Kwa hiyo mchezo uliokuwa ukiucheza mwaka 2014, uliouhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, hautaingia kwenye simu mpya, na simu hiyo si mbovu.

Namna ya kukagua

Njia nyepesi ni kusakinisha CPU-Z kutoka Play Store na kufungua ukurasa wa mfumo, mstari wa "Kernel Architecture". Ukisoma aarch64, mfumo ni wa biti 64. Ukisoma armv7l au armv8l, ihesabu simu yako kuwa ya biti 32, hata kama ukurasa wa prosesa umetaja Cortex-A53.

Njia ya uhakika zaidi inahitaji kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gonga mara 7 kwenye namba ya muundo hadi uambiwe umekuwa msanidi programu. Rudi, fungua Chaguo za wasanidi, washa utatuzi wa USB, unganisha waya, kubali ombi litakalotokea kwenye kioo. Kisha andika:

adb shell getprop ro.product.cpu.abilist

Jibu la "arm64-v8a,armeabi-v7a,armeabi" ni la simu ya biti 64 inayopokea na za biti 32. Jibu la "armeabi-v7a,armeabi" ni la biti 32 tu. Jibu la "arm64-v8a" peke yake ni la simu isiyopokea tena biti 32. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB. Tunarudia: uzime. Simu inayoachwa ikiwa imewashwa utatuzi na kuchomekwa kwenye kompyuta ya dukani kwa ajili ya chaji ni mlango ulio wazi.

Kabla ya kununua, kagua pia toleo la Android. WhatsApp, kwa mfano, mwanzoni mwa 2025 iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 na zilizo chini yake. Hilo halikuhusu biti. Lilihusu mfumo uliozeeka.

Kurushiana programu

Hili ndilo chanzo cha malalamiko mengi, na linastahili maelezo marefu. Tangu Agosti 2021 programu mpya hupelekwa Play Store zikiwa furushi, na Play Store hukata vipande vinavyoifaa simu husika: faili la msingi liitwalo base.apk, kipande cha prosesa kama split_config.arm64_v8a.apk, kipande cha ukubwa wa kioo, na kipande cha lugha. Simu yako na ya mwenzako zinaweza kuwa na programu ileile, toleo lilelile, lakini vipande tofauti.

Sasa rafiki anakurushia programu hiyo kwa Xender au Bluetooth ili kuokoa bando. Kama kilichosafiri ni base.apk pekee, mojawapo ya mambo mawili hutokea: simu inasema programu haijasakinishwa, au inasakinishwa, nembo inaonekana, ukiifungua inajifunga papo hapo kwa sababu maktaba inazozitafuta hazimo. Kama vimesafiri vyote lakini simu yake ni ya biti 64 na yako ya 32, usakinishaji unakataliwa. Kwenye kompyuta adb huandika INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS. Ukiona INSTALL_FAILED_OLDER_SDK, hapo toleo la Android ndilo lililo chini. Kioo cha simu mara nyingi hakitofautishi haya, kinasema tu imeshindikana, na ndipo watu wanapokimbilia kusafisha virusi.

Kuna na sababu ya tatu isiyohusu prosesa: sahihi ya mtengenezaji. Ukijaribu kuweka juu ya programu iliyopo faili lililosainiwa na mtu mwingine, Android inakataa kwa kuwa furushi linagongana na lililopo. Ikikataa hivyo kwa programu ya benki, simu inakulinda. Usifute ile halali ili "ile iliyotumwa" ipate kuingia. Tumeeleza hili mara nyingi, na bado watu wanafuta ile halali, kisha wanaweka namba ya siri kwenye programu waliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu wasiyemjua.

Wasanidi wa hapa nyumbani nao wasijitoe. Kosa tunalolikuta ni kuweka maktaba moja kwa biti 32 tu huku nyingine zikiwa na pande zote mbili. Android ikiona folda ya arm64-v8a huichagua hiyo kwa programu nzima, kisha maktaba ile moja haionekani, programu inaanguka na kuandika UnsatisfiedLinkError. Aidha, tangu 1 Novemba 2025 Play Store inadai programu zinazolenga Android 15 na kuendelea ziweze kufanya kazi kwenye kurasa za kumbukumbu za KB 16 badala ya 4. Zijengeni upya maktaba zenu, pamoja na zile mlizochukua kwa watu wengine.

Simu zinazodanganya

Zipo simu zenye umbo na nembo ya toleo la bei kubwa, mipangilio yake ikisema RAM ya GB 16 na 5G, lakini ndani kuna MediaTek MT6580: biti 32, kori nne za Cortex-A7, isiyo hata na 4G. Maandishi ya kwenye mipangilio yameghushiwa, na baadhi ya programu za ukaguzi hudanganywa pia. Kilicho kigumu zaidi kughushi ni jibu la prosesa yenyewe. Andika adb shell cat /proc/cpuinfo na utafute mstari wa "CPU part". Ukisoma 0xc07 ni Cortex-A7. 0xd03 ni Cortex-A53. 0xd05 ni Cortex-A55. Simu inayodai kuwa ya daraja la juu na kujibu 0xc07 kwenye kori zote ni ya bandia, usiendelee na mjadala na muuzaji.

Kwa walioko Tanzania, kagua na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kabla ya kutoa fedha. Piga *#06#, andika tarakimu zote 15 bila nafasi wala mkwaju, tuma kwenda 15090, na ulinganishe aina ya simu utakayojibiwa na iliyo mkononi mwako. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, tuma zote. Utaratibu huu ndio uliotangulia kuzimwa kwa simu bandia usiku wa 16 Juni 2016. Kubadili IMEI ya simu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na fundi anayekuahidi "kuisafisha" kwa malipo anakuingiza kwenye kosa hilo. Bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani. Utahitaji risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Karatasi ya mkono yenye muhuri wa duka haitoshi, na mnunuzi asiyedai risiti naye anavunja sheria ya kodi.

Hatupendekezi kubadilisha mfumo wa simu kwa faili za mtandaoni ili kulazimisha programu ikubali. Bootloader, programu inayowasha mfumo wa simu, ikishafunguliwa, programu nyingi za kifedha huikataa simu hata ile iliyokuwa inazipokea jana. Kama simu yako ni ya biti 32 na programu imeacha upande huo, tumia huduma ya menyu ya namba kama taasisi yako inayo, au tovuti yake kwa kivinjari, mpaka utakapobadili simu.

Anayeleta lalamiko aandike jina la programu na namba ya toleo lake, modeli ya simu, toleo la Android, jibu la abilist au mstari wa CPU-Z, mahali alipoipata programu, na picha ya ujumbe wa hitilafu. Picha isiwe na salio wala namba ya akaunti. Lalamiko linalosema "simu inasumbua" bila hayo litarudishwa likajazwe upya.