Makaratasi ya profesa si takataka

Hapa Mwanza profesa wa sayansi ya siasa akifariki, utasikia: "Vitabu vyake vipo maktaba, hayo makaratasi chomeni." Hapana! Kitabu hubeba hitimisho. Daftari la mahojiano hubeba maneno ya mkulima wa pamba mwenyewe, hata yale yaliyokatwa na mhariri. Nyaraka za Hans Cory, aliyeandika sheria na mila za Wasukuma, zimetunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na watafiti huzirudia.

Ndugu wafiwa, nawasihi, msipange upya mafaili. Barua iliyobanwa nyuma ya rasimu huonyesha nani alimfanya marehemu abadili mawazo. Ukiitenga, ushahidi huo umepotea. Ondoeni pini zenye kutu taratibu, masanduku yasikae sakafuni. Mchwa hawachagui.