Kurudisha namba ya nyumbani toka simu ya intaneti kwenda simu ya waya: usikate kwanza!

Shangazi yangu wa hapa Minnesota (sio wa damu, ni mama wa kutoka Tanga aliyenipokea nilipofika nchi hii, ila ukimwita kwa jina tupu atakununia mwezi mzima) alinipigia majira ya baridi akiwa kwa jirani, anatumia simu ya jirani, na kanuna kwelikweli. Theluji imeanguka, umeme umekatika toka saa nane usiku, rauta imezima na simu ya nyumbani nayo kimyaa. Kijana wake alimhamishia namba kwenye simu ya intaneti miaka ya nyuma ili bili ipungue, na kweli ilipungua, lakini siku hiyo shangazi alikuwa na kidude shingoni cha kuita ambulensi akianguka, kidude kinachotegemea simu ileile iliyokufa. Akaniambia, "Wewe si ndo kazi yako, basi nirudishie simu yangu ya zamani, na namba yangu ileile, sitaki stori."

Ni kweli ndo kazi yangu. Nilianza kama fundi wa nje, nguzo na ngazi, alafu nikahamia kitengo cha kuhamisha namba, na wateja wanaotoka intaneti kurudi kwenye waya wa shaba wapo ila ni wachache, dunia yote inaelekea upande wa pili. Kwahiyo ata wahudumu wengine wa simu hawajui hatua zake na watakupa maelekezo yatakayokupotezea namba. Naandika hapa kwa Waswahili wenzangu tulio Marekani maana naulizwa sana, hasa na wanaokaa na wazee.

Cha kwanza kabisa, na ukiacha kusoma baada ya hapa poa tu: USIPIGE simu kampuni ya intaneti kuwaambia wakate huduma. Usikate. Namba inahamishwa ikiwa hai. Ukishakata, namba inaingia kwenye stoo ya kampuni ile, inakaa kidogo alafu inagawiwa kwa mtu mwingine, na kuifufua ni kubembelezana, mara nyingine wanakubali mara nyingine ndo basi. Anayeomba namba ihame ni kampuni MPYA, wewe unaenda kwa hao unaotaka kuhamia, unawapa taarifa zako, wao ndo wanamwandikia wa zamani. Wa zamani hutakiwi kumwambia kitu zaidi ya kumuomba akaunti namba, PIN ya kuhamishia na taarifa za akaunti zilivyo kwenye rekodi zake. Na kama unadaiwa bili usiogope, kwa kanuni za FCC (tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano) hawaruhusiwi kuzuia namba kwasababu ya deni, ila deni lenyewe linabaki palepale watakufuata nalo.

Wanaouliza "inawezekanaje namba itoke intaneti iende kwenye waya", jibu ni kwamba namba haikai kwenye waya wala kwenye intaneti. Zamani ilikaa kweli, tarakimu za mwanzo zilikuwa zinaonyesha kituo gani cha simu na za mwisho waya gani. Sheria ya mawasiliano ya 1996 ikazilazimisha kampuni za waya ziachie namba, 2003 zikaingia simu za mkononi, 2007 FCC ikasema na kampuni za simu za intaneti nazo zimo. Sasa namba ni kama jina la mzee wa mtaa. Ukishuka Tanga unamtafuta mzee flani huendi na ramani, unamuuliza muuza kahawa pale kona, "hivi mzee flani kahamia wapi?", anakwambia nyumba ya pili baada ya msikiti. Muuza kahawa wa Marekani anaitwa NPAC, ni hifadhi kuu ya namba zote zilizohama, na toka 2018 inaendeshwa na kampuni ya iconectiv. Kila mtu anapokupigia, mtandao wake unauliza kwanza nakala ya hifadhi hiyo, unajibiwa namba nyingine ya tarakimu kumi ambayo wewe huioni, inayoonyesha mtambo unaokuhudumia saivi, na simu inaelekezwa huko. Kuhamisha namba kwa maana yake halisi ni kubadilisha mstari mmoja kwenye hifadhi ile, kazi ya dakika chache.

Sasa kama ni dakika chache mbona ya shangazi ilichukua karibu wiki mbili?? Hapo ndo penye utamu. Kanuni inasema uhamisho rahisi uishe siku moja ya kazi, na kampuni ya zamani ikague vitu vinne tu: namba yenyewe, akaunti namba, zip kodi, na PIN kama ipo. Lakini kampuni nyingi za simu za intaneti namba sio zao, wanazichukua kwa jumla toka kampuni kubwa nyuma yao ambayo wewe hujawahi ata kuisikia, na uhamisho wenye mtu wa kati namna hiyo hauhesabiwi kuwa rahisi. Ombi linaenda kwa mwenye jumla, yeye anaangalia rekodi zake sio bili yako, na rekodi zake zina jina na anwani vilivyoandikwa siku ile huduma inafunguliwa. Hapo Waswahili ndo tunapokwama. Bili imeandikwa jina la kijana, kwenye fomu mama ameandika jina lake. Mwanaidi neno moja, kwenye rekodi Mwana Idi maneno mawili. Mohamed kwa m moja katikati, kule mbili. Au majina matatu ya kwetu, huku wamechukua la katikati wakalifanya la ukoo. Ombi la shangazi lilirudishwa mara mbili, ya kwanza jina, ya pili anwani maana kwenye rekodi alikuwa bado anakaa apatimenti aliyohama zamani! Kwahiyo kabla ya yote piga kampuni ya zamani uwaombe wakusomee taarifa za akaunti kama zilivyo kwenye rekodi, herufi kwa herufi, uziandike hivyohivyo ata kama zimekosewa. Usianze kuzirekebisha wakati huo, ukibadilisha kitu kwenye akaunti katikati ya uhamisho unaweza kuanza upya.

Kuna mtego mwingine hauna dawa. Simu ya intaneti inakuruhusu kuwa na namba ya jimbo lolote, unakaa Minnesota una namba inayoanza na 614, ya Columbus kule Ohio, kwasababu ulikuwa unakaa kule na jamaa zako wote wanaijua. Simu ya waya hairuhusu. Kila namba ina eneo lake dogo la asili, na waya wa shaba unachukua namba za eneo lake tu, wakati mwingine ata mji wa jirani haukubali. Ukiwa hivyo, chukua namba mpya kwenye waya, ile ya zamani ihamishie kwenye simu ya mkononi au ibakize intaneti iwe inasukuma simu kwenda namba mpya. Shangazi alikuwa na bahati, namba yake inaanza na 507 ya hapahapa Minnesota na ilizaliwa palepale mjini kwake kwenye waya.

Alafu hakikisha unachouziwa ni waya kweli. Neno "simu ya nyumbani" kwenye matangazo siku hizi halina maana yoyote, kampuni ya kebo itakuuzia simu ya nyumbani ambayo ni intaneti ileile kwenye boksi jingine, umetoka mlango wa mbele umeingia wa uani. Mimi nawaambia watu waulize swali moja tu: umeme ukikatika na sina betri yoyote ndani, simu italia? Muhudumu akianza kuzungukazunguka ujue sio waya. Waya wa shaba unaletewa umeme wake toka kituo cha simu, kama volti 48, na pale kituoni kuna mabetri makubwa na jenereta, ndo maana mtaa mzima ukiwa giza simu bado inavuma (ule mlio unaousikia ukiinua mkono wa simu). Na sio kila sehemu utaupata. AT&T, kampuni kubwa ya simu huku, wameshasema wanataka kuachana na waya wa shaba sehemu kubwa ya maeneo yao ifikapo mwisho wa 2029, California tu ndo wamewekewa ngumu, 2024 mamlaka ya kule ilikataa ombi lao la kuvuliwa wajibu wa kumhudumia kila anayeomba simu. Walio Uingereza ndo kabisa, kule mtandao wa zamani unazimwa Januari 2027, hii blogu haiwahusu poleni. Huku kwetu kampuni ndogo za vijijini ndo bado zina waya mzuri, na ndo tuliyompeleka shangazi.

Kitu nilichowaomba, na wewe uombe kama wanakubali: walete kwanza laini yenye namba ya muda, tuijaribu siku mbili tatu, alafu ndo namba ya kweli ihamie juu yake. Maana ukihamisha namba kwenye waya mbovu umejikata mwenyewe.

Na waya mbovu mara nyingi uko ndani ya nyumba yako. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, fundi mzima, nyumbani kwangu. Wakati wa simu ya intaneti kile kiadapta kidogo kinachounganisha simu na rauta nilikichomeka kwenye soketi ya ukutani ili soketi zote za nyumba zipate simu, kila mtu anafanya hivyo. Siku nimerudi kwenye waya nikaunganisha laini ya nje nikasahau kukichomoa. Laini ikawa inakoroma, mara inakata, nikaita fundi wa kampuni, kijana mdogo, akaingia sebuleni akakiangalia kile kiadapta akaniangalia mimi akakichomoa. Basi. Bili ya ziara nikalipa na aibu juu, na kiadapta chenyewe kilikuwa kimeshaungua maana hakijatengenezwa kupokea umeme wa kampuni.

Kwahiyo utaratibu uwe hivi. Nje ya nyumba kuna boksi la kijivu ukutani, upande wa mteja unafunguka kwa bisibisi bapa. Ndani utaona kiwaya kifupi chenye plagi ndogo ya simu imechomekwa kwenye tundu, au imechomolewa inaning'inia, kwasababu aliyekuwekea simu ya intaneti kama alijua kazi aliichomoa kuitenga nyumba na laini ya nje. Kama plagi bado imo ichomoe kwanza, alafu chukua simu ya kawaida yenye waya, ichomeke kwenye tundu lile. Ukisikia mvumo, laini ya kampuni ni nzima, tatizo lolote baada ya hapo ni la nyumbani kwako. Kisha ingia ndani, chomoa adapta toka ukutani, adapta ZOTE, angalia na basement, alafu ndo urudi nje urudishe ile plagi. Waya za ndani kwa laini ya kwanza mara nyingi ni nyekundu na kijani, njano na nyeusi ni za laini ya pili. Usizishike kwa vidole vilivyolowa, volti 48 huzisikii sana ila simu ikiita wakati umezishika inakuja kama 90 ya kutikisa, mi nilishapigwa juu ya ngazi, aliyepiga alikuwa anauza bima.

Kwa shangazi plagi ilikuwa inaning'inia na imeota kutu, nikaisugua, nikachomeka, mvumo ukaja. Akasikiliza akasema "ehee, hiyo ndo simu."

Vitu vidogovidogo vinavyosahaulika. Simu ile ya mkono usio na waya yenye kitako cha kuchajia inahitaji umeme wa ukutani, kwahiyo ukirudi kwenye waya wa shaba ukabaki na hiyo peke yake umeme ukikatika umerudi kulekule, nunua ata moja ya bei rahisi yenye waya uiweke chumbani. Kama intaneti na simu viko akaunti moja waambie namba tu ndo inahama, kuna watu wameamka hawana intaneti. Meseji za sauti hazihami, zitafutika, shangazi alikuwa na moja ya marehemu kaka yake anamtakia heri ya sikukuu ya Idi, tuliirekodi kwenye simu yangu kwanza. Kupiga Tanzania kwa 011 255 kwenye laini ya waya ni ghali, mwambie mzee aendelee na WhatsApp. Na 911: kwenye intaneti anwani ulijaza mwenyewe, kwenye waya kampuni ndo inaipeleka, kwahiyo waombe wakusomee anwani iliyoenda, na ukitaka kujaribu piga kwanza ile namba ya polisi isiyo ya dharura upange nao, usiwapigie tu 911 kuona kama inafanya kazi. Kidude cha shingoni nacho kijaribiwe siku hiyohiyo.

Siku ya kuhama yenyewe namba ilipita mchana, kwa masaa kadhaa wengine wakipiga inaita kule kwenye intaneti wengine inaita huku, ni kawaida, acha vyote viwe hai mpaka jioni. Kesho yake ndo tukapiga kufunga akaunti ya zamani maana haikujifunga yenyewe.

Imebaki kitu kimoja, shangazi akinipigia kwenye simu ya nyumbani kwangu bado linatokea jina la kijana wake, hifadhi za majina ni nyingi na zinabadilika taratibu. Nilimwambia nitawaandikia walirekebishe. Akasema niache, siku hizi watu wanampokea haraka wakidhani ni mwanaume.